Sauti Bila Uso

Lenzi ilimtoka Yekti kwenye harusi ya jirani, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, ikaangukia kwenye bakuli la Bi Sarpini.

Turubai lilikuwa limefungwa juu ya kichochoro, spika zinanguruma, wanawake wamekaa upande wao na mabakuli ya supu ya samaki mapajani. Feni kubwa ilikuwa inageuka geuka, na kila ilipomfikia Yekti macho yalimkauka. Alipepesa mara moja tu. Akahisi kile kikombe kidogo kigumu kinateleza ukingoni mwa kope, kisha hakuhisi kitu tena.

"Kuna kitu kimetumbukia humu," alisema Bi Sarpini.

"Samahani, Bi Sarpini. Ni lenzi yangu. Naomba usile kwanza."

"Lenzi gani?"

"Ya jichoni."

"Ya jichoni! Yaani ilikuwa jichoni mwako, sasa iko kwenye supu yangu?"

"Shukuru si meno," alisema mwanamke mmoja nyuma yao, na kicheko kikazunguka turubai lote. Yekti naye alicheka ili asionekane amenuna. Aliinama juu ya bakuli la mwenzake, akaingiza vidole ndani ya supu ya watu, akapapasa kati ya vipande vya nyanya na magamba. Hakuona kitu. Angewezaje kuona, na kitu cha kuonea ndicho anachokitafuta?

"Lete hapa," ilisema sauti ya mama mkwe wake, Bi Kasmirah. Ilikuwa sauti kavu, ya kufokea hata wakati wa kukaribisha wageni. "Vidole vyako vimejaa vumbi la mbao, unamchafulia mwenzio chakula. Lete!"

Alilichukua bakuli, akaichuja supu kidogo kidogo kwenye kiganja chake, na mwisho akaipata lenzi. Ilikuwa imemeguka ukingo. Yekti aliifunga ndani ya leso, na wakati wote uliobaki alikaa akitabasamu kuelekea kule sauti zilikokuwa zikitoka.

Ugonjwa wake haukuwa na jina la kueleweka mtaani. Daktari alisema kile kioo cha mbele cha jicho, konea, kimekonda na kuchomoza kama ncha ya pia ya kuchezea, na mwanga ukiingia unatawanyika. Ulianza kidogo kidogo alipokuwa na mimba ya binti yake Laras, ukaenda kasi baada ya kujifungua. Taa moja ikawa taa nyingi zilizoshikana mikia. Nyuso za watu zikawa kama zinatazamwa kupitia chupa ya mafuta. Miwani ilibadilishwa, ikabadilishwa tena, haikufua dafu. Na kupiga msasa viti vya mtiki katika karakana ya mumewe kulimwashia macho, naye akawa anayafikicha, jambo ambalo daktari alimwambia ni sawa na kuuchonga ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Pale mjini Jepara, pwani ya Java, katika vichochoro vile vya wachonga samani, ukipishana na mtu unainamisha kichwa na kutabasamu. Asiyefanya hivyo mara ya kwanza huulizwa kama anaumwa. Mara ya pili husemwa. Baada ya hapo haulizwi tena wala hasemwi, anaachwa tu. Yekti alikuwa amepishana na watu wengi mno bila kuwaona. Alisikia salamu zikipungua mwaka hadi mwaka, hata zikafika asubuhi ambazo aliweza kwenda sokoni na kurudi bila jina lake kutajwa.

"Ana maringo," walisema. "Tangu lini mpiga msasa akawa na maringo?"

*

Mumewe, Wignyo, alikuwa mtu wa sauti ya upole. Kati ya sauti zote zilizomzunguka Yekti, ile ndiyo aliyoegemea. Mama mkwe alifoka, majirani walinong'ona, watoto walipiga kelele, lakini Wignyo aliongea kama mtu anayemwekea mwenzake mto chini ya kichwa.

Jioni ile ya harusi alisikiliza habari ya lenzi mpaka mwisho.

"Basi hizo ndogo hazikufai," alisema. "Jicho lako limechongoka sana, haziwezi kukaa. Yule daktari alisema kuna kubwa, za Semarang."

"Alitaja na bei yake. Bima hailipi hata rupia moja."

"Nimesikia bei."

"Baba Laras, ni milioni kumi na mbili. Tutatoa wapi rupia milioni kumi na mbili?"

Wignyo alisogeza kigoda chake karibu. Kisha ile sauti laini ikasema, "Yapo magogo ya mzee."

Yekti alishtuka. Baba yake Wignyo aliacha magogo makubwa ya mtiki, ya zamani, ambayo siku hizi hayapatikani. Yalilazwa nyuma ya nyumba chini ya mabati. Wignyo alikuwa anayatunza mpaka ajaliwe mteja wa maana, achonge kazi moja kubwa yenye jina lake, asiendelee kufa na viti vya kuuzia madalali. Mtaa mzima ulijua hadithi ya magogo yale.

"Hapana. Hayo usiyaguse."

"Mbao ni mbao tu, mke wangu. Macho ni macho."

"Hutajuta?"

"Nijute nini? Usijali kabisa."

Yekti alilia kwa shukrani, akamwelekezea uso. Mbele yake palikuwa na kivuli cheusi chenye mabega. Lori lilikuja kuyachukua magogo wiki ileile. Alisikia minyororo, wapakizi wakihesabu moja mbili tatu na kusukuma, kisha injini ikipanda mlima. Hakumsikia Wignyo akisema lolote.

*

Kwenda Semarang alienda peke yake, kwa basi la alfajiri. Wignyo alikuwa na viti vya kumaliza, na mama mkwe alisema kwa ukali kwamba mtu akienda na mtoto kliniki atarudi na magonjwa mawili badala ya mmoja, hivyo Laras alibaki.

Mtaalamu wa lenzi aliitwa Bi Hapsari. Alikuwa na vidole baridi na tabia ya kuzungumza na jicho lenyewe kana kwamba ndilo mgonjwa.

"Tulia, usikimbie. Tazama chini. Chini kabisa, kwenye magoti ya mwenye jicho. Haya."

Lenzi hizi zilikuwa kubwa. Zilikaa kwenye weupe wa jicho na kuiruka ile ncha bila kuigusa, na ndani zilijazwa maji ya chumvi kabla ya kuvaliwa, kama bakuli dogo linalofunikwa usoni. Ya kwanza iliingia na povu la hewa. Ikatolewa. Ya pili ilibana, na baada ya kukaa nayo barazani Yekti alihisi kama kidole cha mtu kimebonyeza jicho na kusahaulika hapo. Bi Hapsari alitia dawa ya rangi, akamulika kwa taa ya buluu, akaguna.

"Inagusa. Hapo kileleni inagusa. Tukiiacha itakutia kidonda."

"Hakuna nyingine?"

"Za majaribio zimekwisha. Tutaagiza itengenezwe kwa vipimo vyako. Umekuja na nani, nimweleze?"

"Nimekuja peke yangu."

"Na anayekusaidia nyumbani kuzivaa?"

"Nitajifunza."

Bi Hapsari alimfundisha kuishika lenzi kwa kijiti cha mpira chenye mdomo kama kikombe, kuijaza maji mpaka ukingoni, kuinama uso sambamba na meza na kuinua lenzi kuelekea jichoni bila kufumba. Yekti alimwaga maji mapajani, akaidondosha lenzi, akafumba, akaanza tena. Walipomaliza, sketi yake ilikuwa imelowa kama ya mtoto aliyejikojolea, na kwenye basi la kurudi abiria wa pembeni alisogea.

Lenzi zilizoagizwa zilikuja. Ya kushoto ilikubali. Ya kulia ilielea, ikawa inateleza upande kila akipepesa. Ikarudishwa. Iliyofuata ikaleta ukungu: asubuhi inaona, mchana imejaa maziwa. Ikarudishwa tena. Kila safari Wignyo alimpokea mlangoni.

"Vipi, imekubali?"

"Bado. Nirudi tena mwezi ujao."

"Hakuna neno. Tutangoja," ilisema ile sauti, na Yekti aliingia ndani akijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote walioolewa Jepara.

*

Siku ilipokubali, hakujua kwanza. Bi Hapsari alimulika, akarudi nyuma, akamulika tena.

"Imekaa," alisema.

Yekti aliinua kichwa. Bi Hapsari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kidoti juu ya mdomo na nywele moja nyeupe iliyochomoza kwenye mtandio. Yekti aliitazama nywele ile mpaka mwenyewe akaona haya na kuirudisha ndani.

Njia nzima hakulala. Alisoma mbao za maduka, namba za magari, bei ya karanga. Aliona mashamba ya mpunga yana majani, jani moja moja. Aliposhuka kituoni na kufika kona ya mtaa, mtoto wa kike aliyekuwa anacheza na vipande vya mbao alisimama na kumkimbilia.

"Mama, ni mimi!" Laras alikuwa amezoea kujitaja kila anapomkaribia mama yake, kama mtu anayebisha hodi.

"Najua ni wewe. Nimekuona toka kule."

"Toka wapi?"

"Toka kule kwenye kituo."

Mtoto aligeuka kukitazama kituo, akamtazama mama yake, halafu akaanza kulia bila sababu. Yekti alipiga magoti akamshika mashavu. Alikuwa na kovu dogo la tetekuwanga kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa ya babu yake mzaa mama. Miaka yote hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba binti yake amechukua macho ya babu yake huyo.

Mama mkwe alikuwa jikoni, ameshika mwiko. "Umechelewa," alisema. Uso wake ulikuwa umekunjana vilevile kama sauti yake, pua imepanda, midomo imeshuka. Yekti alikaribia kucheka. Alikuwa ameufahamu uso ule bila kuuona.

Wignyo aliingia kutoka karakanani akijipangusa mikono.

"Vipi, imekubali?"

"Imekubali, Baba Laras."

"Alhamdulillahi. Nimefurahi sana, mke wangu. Nimefurahi mno."

Sauti ilikuwa ileile. Uso ulikuwa wa mtu mwingine. Macho yalikuwa yameelekezwa ukutani juu ya kichwa chake, taya limekazwa, midomo ikitoa maneno matamu kwa namna mtu anavyotema mbegu. Hakumtazama hata mara moja. Alipomaliza kufurahi alipumua, akageuka, akarudi kazini. Yekti alibaki amesimama na mkoba begani.

*

Alijiambia ni uchovu. Lakini kwa siku zilizofuata akawa anamchungulia mumewe kama mwizi. Lenzi zile hazionekani zikiwa jichoni, na Wignyo hakujua saa za kuzivaa wala kuzivua. Siku nyingine Yekti alishika mkononi kitambaa cha kufutia lenzi na kukaa kama mtu aliyekwisha kuzivua.

"Umechoka, Baba Laras?"

"Sijachoka kabisa, mpenzi wangu," alisema, na huku amefumba macho, amebana kichwa kwa viganja viwili.

"Nikusaidie msasa kesho?"

"Ukipenda, mke wangu." Na mdomo ukapinda upande, kama anayesikia harufu.

Mchana mmoja alimfuata mama mkwe jikoni. Bi Kasmirah alikuwa anakuna nazi na hakugeuka.

"Mama, nikuulize kitu."

"Uliza, mikono yangu ndiyo ina kazi, masikio hayana."

"Wignyo amekuwa hivi tangu lini?"

Nazi iliacha kukunwa. "Hivi vipi?"

"Usoni."

"Ahaa." Bi Kasmirah alikaa sawa kwenye kigoda. "Umeona, siyo? Tangu lori liondoke na magogo ya baba yake, mwanangu hajacheka. Siku ile alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Sarpini ndiye aliyemshika mkono akamrudisha. Mtaa mzima uliona."

"Mimi nilikuwa hapo hapo."

"Ulikuwa hapo, ndiyo. Ulikuwa umekaa mlangoni unatabasamu."

Yekti alishika kiunzi cha mlango. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mume wako anakuambia kila siku kwamba amefurahi. Mimi nani wa kusema mwanangu mwongo?" Alianza tena kukuna, kwa nguvu zaidi. "Mimi ningekuwa yeye ningekufokea. Ungelia, ningelia, tungekula, tungelala. Yeye amechukua kwa baba yake. Watu wapole wanaua, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Yekti mwanangu, na alilisema neno hilo akiwa amekunja uso.

*

Yekti alimwendea karakanani alasiri, kabla taa hazijawashwa. Wignyo alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa kiti, anachonga jani lilelile analolichonga kwenye kila kiti. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa mlangoni. Yekti alisimama mbali nalo, kama daktari alivyomwagiza.

"Mama Laras. Usiingie, utaharibu macho," alisema kwa upole, bila kuinua kichwa.

"Wignyo."

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Patasi ilisimama.

"Umeyajutia yale magogo."

"Nani amekuambia? Mama? Usimsikilize mama. Mimi nimefurahi, macho yako ndiyo..."

"Nimezivaa," Yekti alisema. "Sasa hivi nimezivaa. Nakuona."

Wignyo aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu zile lenzi zikubali walitazamana. Yekti aliona jinsi anavyojaribu kuukusanya uso wake, midomo kwanza, kisha mashavu, na jinsi unavyomshinda.

"Kumbe ulikuwa unanichungulia," alisema.

"Nilikuwa nakutafuta."

"Zivue basi. Zivue tuongee vizuri."

"Siwezi kuongea na kivuli tena, Baba Laras. Sema hivi hivi."

"Zivue nitasema!"

"Sema nikikuona."

Alisimama, patasi ingali mkononi, akaitupa ikagonga ukuta. "Unataka niseme nini? Kwamba nimeyauza? Niliyauza! Baba aliyachagua moja moja, akayalinda na wezi mpaka anakufa, mimi nimeyauza kwa bei ya kuni, kwa sababu dalali alijua nina shida! Nimebaki na haya majani! Nitachonga majani haya mpaka nizeeke! Na kila nikitaka kukasirika nakuona umekaa hapo unanitabasamia, sasa nimkasirikie nani? Kipofu?"

Sauti ilikuwa imekwaruza, imepasuka katikati, sauti ya mtu asiyejua kuitumia. Jikoni mwiko ulinyamaza. Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ilizimwa.

Yekti alilia, na machozi yakajikusanya chini ya kope bila kuharibu kitu. Hakuyafuta.

"Ungenifokea siku ile."

"Ningewezaje?"

"Sauti yako ndiyo ilikuwa mume wangu. Sikuwa na kingine. Na kumbe haikuwa na mtu ndani."

Wignyo alikaa chini kwenye vumbi la mbao, mgongo ukiegemea viti ambavyo havijapakwa rangi. "Sauti niliiweza," alisema polepole. "Uso sikuujali. Nilijisemea, uso huuoni. Hapo ndipo nilipopumzikia."

Yekti aliliacha agizo la daktari mlangoni, akaingia, akachuchumaa mbele yake. Wignyo alikuwa amezeeka. Mistari miwili ilishuka kutoka puani, na chini ya kidevu, upande wa kushoto, palikuwa na kovu refu, jeupe, lililoshonwa vibaya.

"Hili ulilipata lini?"

"Lipi?"

"Hapo kidevuni."

Alijigusa kama mtu aliyesahau. "Mwaka juzi. Patasi iliruka."

"Mwaka juzi." Alilitazama uzi kwa uzi. "Hukuniambia. Na mimi nilikuwa sioni."

"Ungenigusa, ungejua," alisema Wignyo.

Hakukuwa na ukali katika sauti ile, wala ule upole wa zamani. Walikaa hivyo, magoti yakikaribiana, mpaka vumbi likaanza kumwasha Yekti macho, naye hakuinuka.